Kwa nini utando mwembamba wa polima hupitisha kaboni dioksaidi zaidi, kisha hupunguza

Msomaji wetu mmoja, mhandisi kijana anayeishi Ubungo, ameleta swali linalotokana na kazi ya mikono yake. Yeye na wenzake wanakusudia kusafisha bayogesi itokanayo na taka za machinjio, ili methani ibaki safi kiasi cha kushindiliwa kwenye mitungi ya bajaji. Wametandaza polisalfoni, ambayo ni aina ya plastiki ngumu, juu ya tabaka lenye vinyweleo na kupata utando wenye unene wa nanomita 150 hivi. Walipoujaribu kwa kaboni dioksaidi safi kwa mgandamizo wa bar 8, mtiririko ulipanda kwa muda wa siku mbili bila geji kusogea, ukatulia, kisha ukaanza kushuka, na baada ya wiki tatu ukawa chini ya ule wa siku ya kwanza. Vitabu alivyosoma vinaeleza kwamba polisalfoni haisumbuliwi na gesi hii mpaka mgandamizo upite bar 30. Anauliza: "Je, utando umetoboka, geji zetu ni mbovu, au ndiyo tabia yake?"

Ndugu yangu, kwa maelezo uliyoyatoa, hiyo ni tabia yake. Hata hivyo, kabla hujaniamini, ondoa kwanza shaka ya tundu, kwa kuwa kipimo chake ni rahisi na vifaa unavyo. Pima mtiririko wa oksijeni na wa naitrojeni, kila gesi peke yake, kwa mgandamizo ule ule. Polisalfoni nzima hupitisha oksijeni takriban mara tano na nusu zaidi ya naitrojeni. Gesi ikipitia kwenye vitundu vidogo, mwendo wake hutegemea uzito wa molekuli tu, na kwa hiyo oksijeni, iliyo nzito kidogo, hupita pungufu kidogo kuliko naitrojeni, kwa uwiano wa 0.94 hivi. Ukipata tano au zaidi, utando ni mzima. Ukipata mbili au moja na nusu, kuna tundu, na yote nitakayoyasema hapa chini hayatakusaidia mpaka ulizibe kwa tabaka jembamba la mpira wa silikoni. Ziba hiyo ilibuniwa na Henis na Tripodi walipokuwa katika kampuni ya kemikali ya Monsanto, nayo ndiyo iliyowezesha nyuzi za polisalfoni kuingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya kurejesha haidrojeni viwandani.

Nikichukulia kwamba utando wako umefaulu, tuingie kwenye kiini cha swali. Gesi haipiti kwenye polima nzima kama maji yanavyopita kwenye chujio. Molekuli humezwa na uso wa polima upande wenye mgandamizo mkubwa, husafiri kwa kuruka kutoka nafasi moja wazi kwenda nyingine baina ya minyororo, yaani molekuli ndefu zinazounda polima, kisha hutoka upande wa pili. Thomas Graham alilieleza jambo hili mwaka 1866, na maelezo yake bado yanasimama. Upenyezaji wa gesi, basi, ni zao la mambo mawili: kiasi kinachomezwa, na wepesi wa kusafiri ndani. Kaboni dioksaidi imejaliwa yote mawili. Kipenyo cha molekuli yake kinachohusika na mwendo huu ni angstromu 3.3 (angstromu kumi ni nanomita moja), wakati cha methani ni 3.8, kwa hiyo hupenya kwa urahisi zaidi. Vilevile hukaribia kuwa kimiminika kwa urahisi, kwani jotoridi lake la kikomo, ambalo juu yake gesi haigeuki kimiminika hata ikigandamizwa, ni nyuzi 31 za Selsiasi, ilhali la methani liko chini ya sifuri kwa nyuzi zaidi ya 80. Gesi inayokaribia kuwa kimiminika humezwa kwa wingi. Hapo ndipo faida yetu inapotoka, na ndipo matatizo yetu yote yanapoanzia.

Polisalfoni hubaki katika hali ya kioo mpaka ifike nyuzi 186 hivi. Katika hali hiyo minyororo yake imeganda kabla ya kupata nafasi ya kujipanga vizuri, na imeacha nafasi wazi nyingi kuliko ambavyo ingeacha kama ingepewa muda. Kaboni dioksaidi ikiingia kwa wingi, hujipachika baina ya minyororo, huisukuma kando kidogo na kuipa uhuru wa kutikisika. Polima huvimba na kulainika. Nafasi zilizokuwa finyu kwa methani huanza kuipisha, na upenyezaji wa gesi zote hupanda. Hali hiyo ndiyo tunayoiita ulainikaji, na dalili yake inayojulikana sana ni kwamba upenyezaji wa kaboni dioksaidi, ambao kwa kawaida hushuka kidogo kadiri mgandamizo unavyoongezeka, hufika chini na kuanza kupanda tena. Mgandamizo wa pale unapogeuka ndio unaoandikwa vitabuni.

Takwimu uliyoisoma, basi, si ya uongo. Bos na wenzake katika Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, walipima polima 11 za hali ya kioo na kuchapisha matokeo mwaka 1999. Polisalfoni iligeuka kwenye bar 34 hivi, na selulosi asetati, plastiki itokanayo na selulosi ya mimea, kwenye bar 11 hivi. Jambo la thamani zaidi walilolionyesha ni kwamba, ijapokuwa migandamizo ilitofautiana sana, kiasi cha gesi kilichokuwa kimemezwa wakati wa kugeuka kilikaribiana: sentimita za ujazo 36 za gesi, zikipimwa katika hali ya kawaida, kwa kila sentimita moja ya ujazo ya polima, pamoja na kosa la 7 juu au chini. Ukipiga hesabu utaona kwamba hizo ni takriban miligramu 70 za kaboni dioksaidi ndani ya sentimita moja ya ujazo, yaani chini kidogo ya asilimia sita ya uzito wa polisalfoni yenyewe. Si kiasi kikubwa, lakini kinatosha kubadili tabia ya kitu kinachoonekana kigumu kama plastiki ya kasha la kifaa cha umeme.

Tatizo ni kwamba vipimo hivyo vilifanywa kwa tando nene, za makumi ya mikromita, nawe unashughulika na kitu chembamba kuliko hizo kwa zaidi ya mara mia. Wengi hudhani unene hubadili jambo moja tu, yaani wingi wa gesi inayopita. Polisalfoni nene ina upenyezaji wa kaboni dioksaidi wa barrer 5.6 hivi kwenye nyuzi 35 (barrer ni kipimo cha upenyezaji). Gawanya kwa mikromita 0.15 upate takriban GPU 37 (GPU moja ni barrer moja kwa mikromita moja ya unene), na kwa methani, ambayo upenyezaji wake ni barrer 0.25 hivi, upate chini kidogo ya 2. Nina hakika hesabu hii mmeifanya, na ni sahihi kama makadirio ya siku ya kwanza. Baada ya hapo utando mwembamba huanza kwenda njia yake.

Chukua kwanza suala la wakati bila kaboni dioksaidi kabisa. Nimesema kwamba polima ya hali ya kioo imeganda ikiwa na nafasi wazi za ziada. Minyororo yake huendelea kujipanga polepole sana, kama mahindi yaliyomiminwa haraka kwenye debe ambayo hushuka kila debe linapotikiswa. Huko ndiko kuzeeka kwa polima. Kwa utando mnene mabadiliko haya ni madogo kiasi kwamba mtu anaweza kuupima mwezi huu na mwaka ujao akaona tofauti isiyomsumbua. Lakini Donald Paul na wanafunzi wake katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin walionyesha, kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, kwamba tando za polisalfoni na za poliimidi, plastiki nyingine ya hali ya kioo, zenye unene ulio chini ya mikromita moja huzeeka haraka mno: upenyezaji hushuka kwa kiasi kikubwa katika miezi michache, huku uwezo wa kuteua gesi, yaani kupitisha moja na kuzuia nyingine, ukipanda kidogo, kwa sababu nafasi zinazofungwa ndizo zilizokuwa zikiipisha molekuli kubwa. Kadiri utando unavyokuwa mwembamba, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya minyororo yake inavyokuwa karibu na uso, ambako ina uhuru mkubwa wa kusogea, na ndivyo nafasi wazi zinavyotoweka upesi.

Sasa ongeza kaboni dioksaidi. Uhuru ule ule unaouzeesha utando mwembamba haraka ndio unaoufanya ulainike haraka. Hapa ningependa tuwe waangalifu, kwa sababu kuna maelezo mepesi yanayovutia ambayo si ya kweli: kwamba utando mwembamba hubadilika mapema kwa kuwa gesi huujaza mapema. Ni kweli kwamba huujaza mapema. Utando wa mikromita 25 huhitaji dakika chache tu kujaa kaboni dioksaidi, na wako huhitaji sehemu ndogo sana ya sekunde. Lakini mtiririko wako ulipanda kwa siku mbili, na siku mbili haziwezi kuelezwa kwa sehemu ya sekunde wala kwa dakika. Kilichokuwa kikiendelea siku hizo ni minyororo yenyewe kulegea na kujipanga upya katikati ya gesi iliyokwisha kujaa. Gesi ilishafika, polima ndiyo iliyokuwa ikiitikia.

Ukikaa mbele ya mita ya povu la sabuni katika jaribio la namna hii utaliona jambo hili kwa macho. Povu hupanda ndani ya bomba la kioo kutoka alama moja hadi nyingine. Unabonyeza saa, unaandika, unarudia. Saa moja baadaye, geji ikiwa palepale na chumba kikiwa na joto lile lile, povu hufika alama ya juu mapema kidogo. Kesho yake mapema zaidi. Mtu asiyejua hufungua viungio vyote akitafuta mahali panapovuja, kumbe anachokishuhudia ni mwendo wa polima inayolegea.

Kisha mtiririko ukashuka. Mwaka 2011 Norman Horn na Paul walichapisha vipimo vilivyolinganisha tando nene na nyembamba chini ya kaboni dioksaidi, na picha waliyoipata inafanana mno na uliyoieleza. Tando nyembamba zililainika haraka zaidi na kwa kiwango kikubwa zaidi kwa kila mgandamizo walioujaribu. Zilipoachwa chini ya mgandamizo usiobadilika kwa muda mrefu, upenyezaji ulipanda, ukafika kilele, halafu ukashuka sana; tando nene hazikuonyesha kushuka huko katika hali walizozichunguza. Mantiki yake naiona hivi: kaboni dioksaidi hufungua nafasi, na kuzeeka huzifunga. Mwanzoni ufunguaji hushinda kwa sababu ni wa haraka. Lakini polima iliyolegezwa iko mbali zaidi na hali yake ya utulivu na minyororo yake ina wepesi zaidi wa kusogea, kwa hiyo kuzeeka nako hupata nguvu, na katika utando mwembamba hufika mahali pa kushinda. Katika utando mnene mvutano huo upo, ila upande wa kuzeeka ni dhaifu kiasi kwamba hauonekani.

Kwa sababu hiyo sikushauri uendelee kutafuta "mgandamizo wa ulainikaji" wa utando wako kana kwamba ni namba moja iliyojificha mahali fulani. Katika utando mwembamba jibu hutegemea unene, umri tangu ulipotengenezwa, muda uliokaa chini ya gesi, mgandamizo, na yote yaliyoupata kabla ya hapo. Utando ulioonja bar 20 jana hautatoa leo majibu ya utando mpya, hata kama umeutoa kwenye karatasi moja na ule mpya. Huu ndio ujumbe ninaoukazia kuliko mwingine wowote katika jibu hili, kwa kuwa nimeona vijana wengi wenye bidii wakitupa vipimo vizuri kwa kudhani vinapingana.

Kwa kazi yenu ya bayogesi kuna jambo linalopaswa kuwahangaisha zaidi ya kupanda na kushuka kwa mtiririko, nalo ni uwezo wa kuteua. Bayogesi huwa na methani asilimia 50 hadi 70, na kinachobaki karibu chote ni kaboni dioksaidi. Ukipima methani peke yake, utando uko mkavu na mgumu, methani hupita kidogo, na uwiano unaoupata hukupendeza. Ukizichanganya, kaboni dioksaidi huufungua utando na methani hufaidika na nafasi ambazo haikuzifungua yenyewe. Selulosi asetati ndiyo funzo kubwa hapa: kwa gesi safi uwiano wake wa kaboni dioksaidi kwa methani hukaribia 30, lakini kwenye mitambo halisi ya gesi asilia hubaki kama 12 hadi 15. Methani inayopenya upande wa pili ni mafuta yenu yanayopotea hewani, nayo ni gesi inayoongeza joto duniani kuliko kaboni dioksaidi yenyewe. Pimeni kwa mchanganyiko, tena mapema. Hapa nchini hatuna mazoea makubwa ya jambo hili kwa sababu gesi ya Songo Songo na ya Mnazi Bay karibu yote ni methani, na kaboni dioksaidi yake ni kidogo. Bayogesi ya machinjio ni mnyama mwingine kabisa.

Habari ya kutia moyo ni kwamba kinachohesabika ni sehemu ya mgandamizo inayotokana na kaboni dioksaidi, si mgandamizo wote. Bayogesi yenye asilimia 40 ya kaboni dioksaidi, ikishindiliwa hadi bar 10, huupa utando bar 4 tu za gesi hiyo, yaani nusu ya mlizotumia kwenye jaribio lenu. Ulainikaji utakuwepo, ila mdogo, na nadhani kuzeeka ndiko kutakakowasumbua zaidi katika mwaka wa kwanza.

Kuhusu namna ya kupima, badilisha mpangilio wa majaribio. Andika tarehe na saa utando ulipotoka kwenye kiyeyushi chake, na uuache siku kadhaa kabla ya kipimo cha kwanza, kwa kuwa kuzeeka huwa kwa kasi mno saa za mwanzo na huvuruga kila kitu. Anza na gesi zisizoudhuru: heliamu, naitrojeni, oksijeni. Kaboni dioksaidi iwe ya mwisho daima. Panda hatua kwa hatua, ukikaa muda ule ule kwenye kila mgandamizo, kisha shuka kwa hatua zile zile. Mstari wa kushuka utakaa juu ya ule wa kupanda, na pengo lililo kati yake ndilo kipimo cha kumbukumbu ya polima. Mwishoni rudia naitrojeni, ili ujue utando umeachwa katika hali gani. Tumia kipande kipya kwa kila swali jipya, hata kama inauma kuvitumia vingi. Joto la chumba chenu Dar es Salaam halina shida kubwa, kwani vipimo vingi vinavyochapishwa hufanywa kwenye nyuzi 35, na ni rahisi kuvifikia kwa kisanduku chenye taa na kidhibiti joto.

Umeme ukikatika katikati ya jaribio na kompresa ikazima, usiendelee kesho yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Utando uliovimba, ukiachwa ghafla bila gesi, hubaki na nafasi wazi za ziada ambazo haziwezi kudumu, na kwa siku kadhaa utakuwa ukijifunga. Andika muda wa kukatika na uuhesabu kama sehemu ya historia yake. Ukaushaji nao ni wa lazima: bayogesi hutoka mtamboni ikiwa imeshiba mvuke wa maji, na maji hushindana na kaboni dioksaidi kwenye nafasi zile zile. Haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza, iondoeni kabla ya kompresa kwa kupitisha gesi kwenye oksidi ya chuma.

Je, tatizo linaweza kuondolewa kabisa? Kupunguzwa, ndiyo. Minyororo inaweza kufungwa pamoja kwa vifungo vya kikemia ili isiweze kusukumwa kando. William Koros na wenzake wamefanya kazi kubwa ya kuunganisha poliimidi kwa njia hiyo, na ulainikaji hupungua sana, kwa gharama ya upenyezaji katika baadhi ya njia za kuunganisha. Kuchoma poliimidi kwenye nyuzi 350 husaidia kwa tando nene, lakini sikushauri mjaribu, kwa kuwa tabaka la vinyweleo lililo chini ya utando wenu litafunga kabla ya polima ya juu kunufaika. Mitambo mingi ya bayogesi huko Ulaya hutumia nyuzi za poliimidi zenye uwazi katikati, zikipangwa kwa hatua mbili au tatu ili methani inayopotea katika hatua moja irudishwe kwenye mzunguko. Mpango huo wa hatua ningeuiga kabla ya kufikiria kubadili polima.

Kwa utando mlio nao, fanyeni jambo moja la muhimu: chukueni vipande vitatu vya siku moja, kimoja kikae chini ya bayogesi iliyokaushwa kwa bar 10 bila kukatizwa, kingine kikae kwenye naitrojeni, na cha tatu kiwekwe mezani bila gesi yoyote. Vipimeni vyote kwa naitrojeni na oksijeni kila wiki, kwa miezi mitatu. Kinachokaa mezani kitawaonyesha kuzeeka peke yake, na tofauti kati yake na kile cha bayogesi itawaonyesha mchango wa kaboni dioksaidi. Ukubwa wa eneo la utando kwa ajili ya mtambo ukokotoeni kutokana na mtiririko wa mwezi wa tatu, kwa mchanganyiko halisi, na si kutokana na ule wa siku ya kwanza.